Jaketi la rubani likukae: kwa nini namba ya kibandikoni haitoshi

Mtu anayevaa kwa mara ya kwanza jaketi la ngozi la rubani, nakala ya yale ya Vita vya Pili vya Dunia, karibu kila mara hufanya jambo lilelile. Hushika pindo la chini kwa mikono miwili na kulivuta. Linarudi juu. Analivuta tena. Kisha anasimama ubavu mbele ya kioo, anaona shati limechungulia kati ya jaketi na suruali, na anaamua kwamba jaketi ni dogo. Anaagiza saizi ya juu yake. Likifika, pindo bado liko palepale kiunoni, ila sasa mabega yamemwagika, kwapa limeshuka, na akiinua mkono jaketi zima linapanda naye.

Mimi nimepita njia hiyo hiyo. Jaketi langu la kwanza nililirudisha kwa sababu lilinifikia kwenye mkanda tu, nikachukua kubwa, nikalivaa misimu miwili bila raha kabla ya kuelewa kwamba lile la kwanza ndilo lililonikaa. Kilichokuwa hakilingani nalo ni suruali yangu.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kujua jaketi hili lilishonewa nani na alikuwa amekaa wapi.

Lilishonewa mtu aliyeketi

Jaketi linaloigwa kuliko yote ni A-2. Kikosi cha Anga cha Jeshi la Marekani kiliidhinisha mtindo huo Mei 1931, ukachukua nafasi ya A-1 ya mwaka 1927 iliyokuwa na vifungo mbele na kola ya sufu iliyofumwa. A-2 ilikuja na zipu, kola ya ngozi inayobanwa kwa vifungo vya kubonyeza, vikanda vya mabegani, mifuko miwili ya kubandika mbele, mgongo wa kipande kimoja cha ngozi, na mikanda ya sufu iliyofumwa kiunoni na vifundoni mwa mikono. Ngozi iliyotumika zaidi ni ya farasi. Bitana ilikuwa ya hariri mwanzoni, baadaye ya pamba.

Rubani aliyelivaa alikuwa na shati jepesi ndani, mara nyingi na tai, na suruali ya kijeshi ya enzi hizo. Hiyo suruali ndiyo watu wanayoisahau. Kiuno chake kilifika kitovuni au karibu na hapo. Jaketi lililoishia kwenye mkanda lilikuwa limeishia mahali pake hasa, na hapakuwa na pengo lolote. Suruali nyingi za leo hukaa chini zaidi, kwenye nyonga. Ukilivaa jaketi lilelile juu ya suruali ya namna hiyo, upana wa kiganja cha shati utaonekana hata kama jaketi limekukaa kikamilifu kila mahali pengine.

Pia rubani alikuwa ameketi. Amefungwa mikanda ya parachuti, mikono iko mbele kwenye usukani au kwenye wenzo wa kuongezea nguvu ya injini. Jaketi refu lingejikusanya mapajani na kusukuma kola juu hadi masikioni. Ufupi wa A-2 ni sehemu ya kazi yake, na anayeuondoa kwa kuongeza saizi huharibu mambo mengine matano ili kurekebisha moja.

Kwa hiyo kabla ya kulihukumu jaketi, vaa suruali ya kiuno cha juu, au angalau ipandishe unayovaa hadi inapopaswa kufika. Pindo la sufu lifunike mkanda wa suruali ukiwa umesimama wima na mikono iko chini. Likifanya hivyo, urefu ni sahihi. Kama wewe ni mtu mwenye kiwiliwili kirefu na pindo halifiki hata hapo, dawa ni kuagiza saizi yako yenye mwili ulioongezwa urefu, inchi 1 au 2. Watengenezaji wengi wa nakala hukubali kufanya hivyo. Saizi kubwa zaidi inakupa upana mwingi na urefu kiduchu, nao upana huo hukuuhitaji.

Namba 40 ni tatu, si moja

Majaketi ya asili yalishonwa kwa namba shufwa: 34, 36, 38, 40 na kuendelea. Namba hiyo ni kifua cha mtu kwa inchi. Si kipimo cha jaketi lenyewe. Mtu wa kifua cha inchi 40 alipewa 40, na fundi alikwisha kuongeza nafasi ya kupumua ndani ya mkato.

Lakini mkato wa nani? Jeshi halikuwa na kiwanda kimoja. Lilitoa mchoro na maelezo, kisha kandarasi zikaenda kwa makampuni mengi: Aero Leather ya Beacon, New York, Rough Wear ya Middletown, Pennsylvania, J. A. Dubow ya Chicago. Perry Sportswear ya Newburgh. Na nyingine nyingi. Kila kampuni ilikata kwa vielelezo vyake. Mchoro ulisema mifuko iwe miwili na kola iwe ya namna gani, lakini haukulazimisha mzingo wa kwapa au kiasi cha kupungua kuelekea kiunoni. Matokeo yake ni kwamba 40 ya kampuni moja inaweza kubana kiunoni na kuwa pana begani, na 40 ya nyingine ikawa kinyume chake. Kola nazo zilitofautiana: nyingine zilikuwa na kipande cha kusimamisha shingoni, nyingine zilishonwa moja kwa moja kwenye mwili, na tofauti hiyo mtu mwenye shingo nene huisikia mara tu anapofunga ile ndoano ndogo ya kooni.

Watengenezaji makini wa nakala, kama Eastman wa Uingereza au Buzz Rickson's na The Real McCoy's wa Japani, huiga kandarasi moja mahususi na kuitaja. Ukisoma kwamba nakala ni ya Rough Wear 27752, hiyo ni namba ya mkataba, nayo inakuambia mkato zaidi ya inavyokuambia historia. Usidhani kwamba kwa kuwa 40 ya mkataba mmoja ilikutosha, 40 ya mkataba mwingine kutoka duka lilelile itakutosha pia.

Hiyo ndiyo 40 ya kwanza. Ya pili ni ile ya jeshi la leo. Mwaka 1943 Jenerali Arnold, mkuu wa vikosi vya anga vya Jeshi la Marekani, alisimamisha uagizaji wa majaketi ya ngozi, na A-2 ikapisha majaketi ya kitambaa kama B-10. Jeshi la Anga la Marekani liliirudisha mwaka 1988, safari hii kwa ngozi ya mbuzi na mkato mpana zaidi. Mtu aliyezoea jaketi la aina hiyo, akaagiza namba ileile katika nakala ya mwaka 1942, atahisi amekabwa.

Ya tatu ni 40 ya mitindo ya mjini: jaketi lenye vikanda vya mabegani na jina A-2 kwenye tangazo, lakini limekatwa kama koti lolote la kisasa, refu kupita mkanda, kwapa chini, na namba iliyotungwa ili mteja ajisikie vizuri. Hakuna ubaya kulivaa. Ubaya ni kulitumia kama kipimo unapoagiza nakala ya kweli.

Pima jaketi, usijipime wewe peke yako

Kwa hiyo namba iweke kando kwanza, uchukue futi kamba. Jipime kifua ukiwa na fulana tu, futi ipite chini ya kwapa na juu ya sehemu pana ya kifua, bila kuvuta na bila kujaza hewa. Tuseme umepata inchi 40, kama sentimita 102.

Sasa tafuta jaketi unalolijua, la ngozi kama unalo, linalokukaa vizuri. Lifunge zipu, lilaze mezani kifudifudi, linyooshe kwa kiganja bila kulivuta. Pima kutoka mshono wa chini ya kwapa moja hadi wa kwapa jingine. Zidisha kwa 2. Ukipata inchi 22, mzunguko ni inchi 44, yaani umepewa inchi 4 za nafasi juu ya kifua chako. Kwa A-2 inayovaliwa juu ya shati, hapo ndipo penye raha. Inchi 2 ni chache mno, kwa sababu ngozi na bitana vina unene wao na hula sehemu ya nafasi hiyo kutoka ndani. Utafunga zipu, lakini ukivuta pumzi utaisikia. Inchi 6 zinatosha kwa sweta jembamba. Inchi 8 ni jaketi la mtu mwingine.

Kuna vipimo vingine vitatu vya kuchukua, na kila kimoja kina mtego wake. Mabega hupimwa mgongoni, kutoka mshono wa juu wa mkono mmoja hadi wa pili, kwa mstari ulionyooka. Urefu wa mgongo huanzia mshono ulio chini ya kola, si juu ya kola, hadi mwisho wa sufu ya kiunoni ikiwa haijavutwa. Mkono huanzia mshono wa bega hadi mwisho wa sufu ya kifundo. Muuzaji akikutumia vipimo, muulize alianzia wapi na aliishia wapi. Wengine hupima kifua inchi moja chini ya kwapa, wengine huacha sufu nje ya urefu, na tofauti hizo ndogo zinatosha kukupeleka saizi nyingine kabisa. Afadhali umwombe picha ya futi ikiwa juu ya jaketi.

Ukiwa na vipimo vinne vya jaketi unalolipenda na vinne vya lile unalolitaka, vilinganishe kimoja kimoja. Kama havipatani vyote, na mara nyingi havipatani, amua kwa mabega.

Nasema mabega kwa sababu ngozi haisamehe. Ukifumua mshono wa kitambaa na kuupeleka nje, matundu ya sindano hufunga yakipigwa pasi. Kwenye ngozi yanabaki milele, msururu wa vitone vinavyoonekana toka mbali. Kwa hiyo jaketi la ngozi huweza kupunguzwa lakini kulipanua ni shida, na hata kupunguza kuna mpaka. Fundi akila inchi 2 ubavuni mwa A-2, mifuko ya mbele inasogea kuelekea kwapani na uso wote wa jaketi unapotea. Bega ndilo lisilorekebishika kabisa, maana vikanda, mkono na mgongo vyote hukutana hapo. Kiunoni, kinyume chake, sufu ikilegea hubadilishwa, na fundi mzuri huifanya kazi hiyo bila kuacha alama.

Kwapa la juu, mkono huru

Sasa niseme jambo linalowachanganya watu kuliko yote, hata waliokwisha kununua majaketi kadhaa.

Ukilivaa A-2 ya mkato wa kweli, utasikia ngozi imekukaribia kwapani. Haiumizi, lakini ipo. Akili inasema hapa pamebana, nitashindwa kuinua mikono. Kisha unainua, na mikono inakwenda. Pindo la kiunoni linapanda kidogo tu. Ulivae jaketi pana lenye kwapa lililoshuka, ambalo ukisimama wima unajisikia huru kama uliyevaa shuka, na uinue mikono vilevile: ubavu mzima unanyanyuka, tumbo linabaki wazi, kola inagonga shingo.

Fikiria mlango na bawaba zake. Mkono wa binadamu huzunguka begani. Mkono wa jaketi nao huzunguka pale uliposhonwa kwenye mwili wa jaketi. Tundu la mkono likiwa dogo na la juu, mizunguko hiyo miwili iko karibu mahali pamoja, na mkono huzunguka bila kuvuta kitu kingine. Tundu likiwa kubwa na limeshuka inchi tatu au nne chini ya kwapa, mkono wa jaketi umefungwa ubavuni mwako. Hauwezi kupanda bila kuubeba ubavu. Anayetafuta uhuru kwa kuongeza upana anaupunguza.

Jaribio langu ni hili, nalo lafanywa zipu ikiwa imefungwa hadi juu. Keti kwenye kiti chenye mgongo. Nyosha mikono yote miwili mbele kama unayeshika usukani, ukae hivyo kwa kitambo. Sikiliza mgongo: kati ya mabega pavute kidogo, kama mtu aliyekuwekea kiganja, lakini pasikukate. Kisha jikumbatie, kila mkono ushike bega la upande wa pili. Hapa A-2 itabana, na ni haki yake, mgongo wake ni kipande kimoja kisicho na mkunjo. Ukishindwa kabisa kufika, bega ni jembamba. Mwisho inuka, teremsha mikono, na mwombe mtu aangalie mgongoni. Mikunjo miwili mitatu ya wima karibu na mikono ni ya kawaida. Ndiyo ngozi unayoitumia ukinyosha mikono mbele. Mikunjo ya mlalo inayotoka kwapa hadi kwapa ni ya kubana. Ngozi inayoning'inia kama pazia juu ya sufu ya kiunoni imezidi.

Ndugu zake hawapimwi hivyo

Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa na lake, M-422A, lililokuja kuitwa G-1 mwaka 1947: ngozi ya mbuzi, kola ya manyoya ya kondoo, na mgongo wenye mikunjo miwili nyuma ya mabega inayofunguka unaponyosha mikono. Kwa sababu ya mikunjo hiyo, G-1 inaweza kukaa karibu zaidi na mwili kuliko A-2 na bado ikakuachia nafasi ya kujikumbatia. Ukipima mabega yake hakikisha mikunjo imefungwa, la sivyo utapata namba isiyo na maana.

Majaketi ya ngozi ya kondoo yenye sufu ndani, kama B-3 ya Marekani ya mwaka 1934 au lile la Irvin la marubani wa Uingereza, ni habari nyingine kabisa. Yalitengenezwa kwa ajili ya ndege zisizo na joto ndani, kwenye urefu ambako baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na yalivaliwa juu ya nguo juu ya nguo. Vipimo vya nje havikusaidii, kwa kuwa unene wa sufu unameza inchi kadhaa. Kama utalivaa juu ya shati tu, shuka saizi moja na ulijaribu mwilini.

Ngozi mpya na ngozi iliyozoea

Siku ya kwanza jaketi la ngozi ya farasi ni gumu. Linasimama lenyewe mbali na mwili, na ugumu huo mtu huuchukulia kuwa ni kubana au ni kupwaya, kutegemea anavyosimama. Lipe wiki kadhaa. Ngozi ya farasi hutii polepole na kushika mikunjo mikali, ya ng'ombe nene hufanana nayo, ya mbuzi hulainika mapema. Kifuani na mgongoni zote hulegea kidogo tu. Jaketi lisilofunga zipu dukani usilinunue kwa ahadi kwamba litatanuka.

Mikono hufanya kinyume, inafupika. Kila unapokunja kiwiko ngozi hujikunja upande wa ndani, na mikunjo hiyo haitoki tena. Ndiyo maana mkono wa A-2 mpya ufike kwenye shina la dole gumba ukiwa umesimama. Langu la sasa lilipofika, sufu ilinifunika hadi hapo na nikawa na wasiwasi kwamba mikono ni mirefu. Baada ya wiki sita za kulivaa kila siku, viwiko vilikuwa vimejikunja mara tatu kila kimoja, na ukingo wa sufu umekaa juu ya mfupa wa kifundo.